Mashine Haioni Muhuri wa Chifu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeliona tangazo! Kiwanda cha chai kule kwetu, juu ya Kibugu, kinatafuta msimamizi wa ubora wa majani mabichi. Nimelisoma mara tatu kwenye simu, nimekaa juu ya gunia hapa store ya mwajiri wangu Kailemia, Laare, huku Meru, miraa imenizunguka kila upande. Kutoka kiwandani hadi kwa Mama ni mwendo wa dakika ishirini. Miaka tisa nimelala nyumba ya kupanga huku Mama anachuma chai peke yake na lile goti lake. Basi! Hii kazi ni yangu. Kanisani nitasema Mungu akipenda, lakini hapa naandika ninavyojua: ni yangu.

Mwisho ni Ijumaa jioni, kwa mtandao tu. CV ninayo tayari. Zuleka mwenye cyber alinitengenezea mwaka jana — safu mbili, nyota za ujuzi, maua pembeni, na picha yangu nikiwa na blauzi ya bluu. Kizuri chajiuza.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mama kapiga simu alfajiri. Nisithubutu kutuma karatasi bila muhuri wa chifu! Kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia chumvi. Nikamwomba Kailemia ruhusa ya saa moja, nikapanga foleni kwa chifu. Kaigonga kila ukurasa, muhuri umeketi vizuri juu ya sahihi. Zuleka aka-scan, tukaipakia kwenye tovuti ya kiwanda.

Lo! Tovuti inasoma CV na kukujazia fomu yenyewe. Yangu imejaza nini? Jina: hakuna. Simu: hakuna. Uzoefu wa kazi: miaka sifuri.

Sifuri! Mimi! Nimefunga ukurasa bila kutuma. Nimemjibu Zuleka vibaya na hakuwa na kosa. Kesho nitampelekea mahamri.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Mahamri yamefanya kazi. Zuleka alikuwa amekwisha kutafuta habari. Anasema msomaji wa kwanza siku hizi si mtu, ni programu, na binadamu huona wale tu iliowapitisha. Ukurasa uliofanyiwa scan, kwa programu hiyo ni picha tu. Ni kama kumwonyesha ng'ombe gazeti.

Kuna njia ya kujipima: nakili maneno yote, yabandike kwenye Notepad. Kinachobaki ndicho mashine inachokiona. Tukajaribu ile ya muhuri — ukurasa mweupe pe! Tukajaribu ile ya mwanzo ya Zuleka. Afadhali kidogo, lakini safu mbili zimeingiliana: shule ya msingi imejipenyeza katikati ya kwaya, nyota zimegeuka alama za kuuliza, na jina langu lililokuwa ndani ya kisanduku cha rangi halipo kabisa. Zuleka aliona aibu. Nikamwambia, dada, wewe ulipamba, hukuiba.

Tumevua kila kitu. Safu moja, herufi nyeusi, vichwa vya kawaida: Elimu, Uzoefu, Ujuzi. Picha nje, maua nje. Imebaki sura ya risiti ya hospitali. Blauzi yangu ya bluu nimeihurumia.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Jina limesomwa! Simu imesomwa! Diploma imesomwa! Uzoefu — bado sifuri.

Hapo sasa mashine haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Mama huwaambia akina mama wa kanisa kwamba nafanya kazi ofisini Meru, nami kwenye CV nikamsaidia kwa kuandika "biashara binafsi, Meru". Hakuna cheo, hakuna miaka. Miraa si kitu cha kuweka kwenye CV, ndivyo nilivyojiambia. Njia ya mwongo ni fupi, yangu imeishia kwenye Notepad.

Zuleka kanisomea tangazo polepole. Wanataka mtu wa kukagua ubora, kupanga madaraja, kusimamia watu. Akaniuliza, na wewe huko kwa Kailemia hufanya nini? Nikacheka mpaka machozi. Hayo hayo! Kila siku ya Mungu, kwa macho na vidole, kabla ya lori kuondoka!

Nimeandika bila kuficha: Msimamizi wa ukaguzi na ufungaji wa miraa, Laare, 2016 hadi sasa. Wafungaji kumi na wanne chini yangu. Tukapakia. Uzoefu: miaka tisa. Nilipiga meza, kibodi ikaruka.

Ila fomu inadai namba ya msimamizi wangu wa sasa. Ni Kailemia, na yeye hajui lolote. Nilipougua taifodi alinitumia uji kila siku, mzee wa watu. Zuleka anasema nimwambie leo. Nimesema Jumamosi, akiwa ametulia. Kwani watampigia kabla hawajachagua watu? Haiwezekani.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Saa tano asubuhi. Nimetuma! Nimebonyeza nikiwa hapa hapa juu ya gunia. Imejibu: maombi yako yamepokelewa.

Dakika haikuisha, simu ya Kailemia ikalia ujumbe. Akanipa kama anavyonipa siku zote. "Mwari, hebu nisomee hii, macho yangu imekataa. Ni ya harusi ama ya matanga?"

"Nelius Mbaka amekutaja kuwa msimamizi wake. Je, ungemwajiri tena? Jibu NDIYO au HAPANA."

Sijamsomea. Dereva wa lori alimwita nje, akaniachia simu mkononi. "Kama ni mambo ndogo, jibu tu wewe," akasema, akaenda.

Jibu tu wewe! NDIYO ni herufi tano. Ujumbe ungefutika, mzee asingejua, na mashine haitauliza kidole kilikuwa cha nani. Nimeandika N. Nimeifuta.

Kazi bado ni yangu, najua. Lakini huyu hajawahi kuhesabu bunda nililokwisha kulikagua mimi.

Lori limeondoka. Namsikia anakohoa mlangoni. Ameketi mbele yangu, ameuliza, haya, wanasema nini? Naweka kalamu chini nimsomee. Neno la kwanza ni jina langu.