Baba Ananipima Goti kwa Pimamaji

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Nimeweka ahadi moyoni kwamba nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu ukijua nusu utanishauri nusu, nami nahitaji ushauri mzima.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, wenzangu wananiita Ngongoti kwa sababu mwaka huu nimerefuka mpaka sketi yangu ya shule inaonekana kama ya mdogo wangu, na tangu nianze kurefuka magoti yananiuma, hasa la kulia, hasa nikiruka kwenye netiboli. Mwalimu wa michezo alinitazama akasema ni maumivu yanayowapata wengi wa umri wangu wanaocheza sana, akaniambia niache kuruka kwa muda, akanifundisha mikao michache ya yoga ya kunyoosha misuli ya mapaja, ya kufanya nyumbani polepole, na neno hilo "polepole" alilirudia. Nilianza vizuri, nikatandika blanketi sebuleni, nikavuta pumzi, nikatoa, na haikuchukua muda nikawa napanda ngazi za darasani bila kujishikilia.

Kisha baba akajitolea kunisaidia.

Shangazi, baba yangu ni fundi mwashi, hodari kweli, na kwa kawaida hurudi nimeshalala, kwa hiyo aliposema atakuwa anawahi kurudi ili anisimamie nilifurahi mpaka nikaosha vyombo bila kuambiwa. Siku ya kwanza alinikuta kwenye mkao wa shujaa, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, akaguna, akaenda kwenye mfuko wake wa kazi akarudi na pimamaji, kile kifaa chenye kiputo kinachoogelea ndani ya maji, akakilaza juu ya paja langu. Akasema upande wa kushoto nimeshuka. Akachukua kipande cha kigae akakichomeka chini ya kisigino changu, akapima tena, akanigonga goti kidogo kwa ndani kama anayeweka tofali sawa, akaniambia nisitikisike mpaka kiputo kitulie katikati. Hakitulii, Shangazi, kwa sababu mimi napumua.

Sasa ni kila jioni. Amefunga uzi kutoka dirishani mpaka kwenye kabati ili nyonga zangu zisipande wala kushuka, na juzi mama alinasa kwenye uzi huo akiwa na sinia la chai. Nikiweka mikono chini na makalio juu, ule mkao wa mbwa anayejinyoosha, yeye anauita paa, na anasema mteremko si mbaya ila mvua ikinyesha itaingilia upande wa kushoto.

Mama alimwambia, "Baba watoto, huyu ni mtoto, si jengo."

Baba akajibu bila kuinua macho, "Ndiyo maana anapinda."

Goti limeanza kuuma upya, tena kuliko mwanzo, lakini nikikunja uso baba anadhani najitahidi, ananisifu, nami nikisifiwa nanyamaza. Naogopa kumwambia kwa sababu jana nilimsikia kwenye simu akikataa kibarua cha jioni, akasema, "Saa hizo nina kazi ya binti yangu." Kabla ya hapo hakuwahi kukataa kazi kwa ajili yangu. Nikimwambia kwamba msaada wake ndio unaoniumiza atakusanya vifaa vyake kimya kimya, maana ndivyo alivyo, na nitarudi kumwona asubuhi tu akifunga kamba za viatu. Nataka goti lipone, nataka kuruka tena, lakini namtaka na baba wa saa kumi na mbili jioni.

Tafadhali nijibu katika toleo lijalo: nimwambieje baba aondoe pimamaji bila yeye mwenyewe kuondoka?

Wako mtiifu,
Ngongoti

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Ngongoti,

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama niko salama, halafu nikafika pale goti linapouma zaidi, nikaacha kucheka. Pole sana. Sasa acha nikugombeze.

Unaumia, unasifiwa, unanyamaza. Huyo baba atajuaje? Maisha yake yote anashika matofali, na hakuna hata moja lililowahi kumwambia linaumia. Wewe una mdomo, na kwa barua uliyoandika, unajua kuutumia.

Kwanza goti. Mguu wa mtu haukuumbwa uwe sawa kama fremu ya dirisha, sote tumepinda mahali. Kigae kitoke chini ya kisigino leo hii. Goti usilikaze, liachie mkunjo kidogo, na likigusa sakafu liwekee taulo. Msuli ukivutika kwa upole si neno, lakini ukisikia uchungu ndani ya goti, acha papo hapo. Na kwa kuwa maumivu yamezidi, weka kando mikao yote inayolibana, umwombe mama akupeleke kwa daktari wiki hii. Likivimba, likikataa kunyooka, au likikuamsha usiku, usingoje hata kesho. Netiboli haitakimbia.

Pili baba. Binti, hakuna fundi anayekataa kibarua kwa hamu ya kupima paja la mtu. Alitaka kukaa na wewe, hakujua akae vipi, akaleta kitu anachokijua. Ukimnyang'anya hicho umwache mikono mitupu, kweli ataondoka. Basi mpe kazi nyingine.

Leo akiingia, kabla hajafungua mfuko, mwambie, "Baba, nafurahi unavyowahi. Goti linaniuma tukilikaza. Leo tufanye mkao mwingine, mimi na wewe." Useme kwa mpangilio huo huo, furaha mbele, maumivu yafuate. Kisha laleni chali wote wawili, makalio karibu na ukuta, miguu juu imeegemea, magoti yamelegea. Mtu aliyesimama juani tangu asubuhi hatabisha sana.

Akianza kuukagua ukuta, mwache aukague, wenyewe hauumii. Akiuliza habari za shule, mjibu kwa kirefu. Akisinzia, usimwamshe. Baki hapo hapo.