Mfuko Ulioangukia Miguuni Pangu

Dada Neema mpenzi,

Sijawahi kumwambia mtu: naogopa mbwa, hata vile vijibwa vya jirani yetu. Mjomba hajui, ndiyo maana leo alinipeleka kwenye shamba moja nje ya Doha, ambako Tausi, mbwa wa tajiri wake, alikuwa na mtihani wa kuokota mawindo. Akifaulu, Mjomba anabaki kuwa mfunza mbwa. Akianguka, Mjomba anarudi kulinda geti kule Lusail, juani.

Mrushaji wa mtihani alizidiwa na joto, nikaitwa mimi. Kazi yake ni kurusha mfuko wa turubai mbali, kana kwamba ni ndege aliyepigwa risasi, kisha kusimama tuli. Macho yangu yalikuwa kwa Tausi, mfuko ukanichomoka, ukaangukia miguuni pangu. Nikainama kuuokota.

"Wee! Usiuguse!" Mjomba akapaza sauti. "Ukiugusa tumeanguka! Na usikimbie, mama, atakufuata wewe!"

Kisha akataja jina la mbwa, ndiyo amri ya kumtuma. Tausi akaja mbio, mweusi, mkubwa kama ndama, vumbi likimfuata. Neema, nilifumba macho, nikasikia pumzi yake ya moto kwenye vidole vya miguu. Nilipoyafumbua, alikuwa ameshafika kwa Mjomba na mfuko mdomoni, haujatobolewa hata kidogo.

"Kwa mfuko huo amepita," mwamuzi akasema. "Bado mmoja."

Mkumbatie Nyanya kwa niaba yangu. Nawawaza kila ninapokunywa chai ya karak, ile ya maziwa na iliki ya huku. Na ule mfuko wa pili, niliuokota mwenyewe, nikarudi mahali pangu, nikaurusha mbali, na Tausi akaufikisha kwa Mjomba.

Mdogo wako,
Achieng