Kiangazi cha Kawaida

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nazo ni nyingi kuliko nguvu nilizobaki nazo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi cha yule mdogo kimeshamwachia. Huku tunapumua. Wifi yako hajambo, watoto wanakwenda shule, Baba anakula na kulalamika, kwa hiyo naye ni mzima. Kuhusu mimi mwenyewe utasoma huko mbele.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa bwenini, naomba sabuni na viatu. Lakini kwenye simu ungenikatiza, kama kawaida yako, nami kama kawaida yangu ningekubali kukatizwa, tukaishia kuulizana habari za watoto. Karatasi haimkatizi mtu, ndiyo maana nimeikimbilia.

Jumapili ile ulinipigia ukaniuliza swali moja tu: kiangazi hiki kitakuwaje? Ukasema chumba cha Baba huko kwako mlimani kimeshapakwa rangi, kitanda kipo, dirisha linatazama upande wa upepo, na kilichobaki ni yeye kukubali. Ukasema mzee amegoma. Kwamba hawezi kuihama nyumba yake kwa kuliogopa jua lililomkuza, labda mwanawe mtaalamu atamke kwa kinywa chake kwamba hali itakuwa mbaya. Nikakujibu kwamba nitaangalia vitabu kwanza. Dada, sikuangalia kitabu chochote. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka wifi yako akaniuliza ni nani amefariki.

Hapa mtaani hakuna mazungumzo mengine siku hizi. Kinyozi anashikilia kwamba kitakuwa kiangazi cha kukaangia mayai juu ya bati, kwa sababu paka wake wameacha kulala ukutani tangu mwezi uliopita. Fundi wa mafriji anamwombea kinyozi awe amesema kweli. Ameshajaza duka feni mpaka mlangoni, na kila akiona mtu anajifuta jasho, anamchangamkia. Jirani yetu mwalimu mstaafu anapinga wote wawili, anasema joto kali huja kila mwaka wa saba na mwaka huu ni wa sita, muulize alianza kuhesabu lini, hakumbuki. Mama wa mboga yeye hatabiri. Anasema anachojua ni kwamba mchicha wake zamani ulinyauka saa sita mchana, sasa unanyauka kabla ya saa nne. Katika wote hao, huyo ndiye peke yake aliyepima kitu.

Nikipita wananyamaza wote na kunitazama. Wananiita Mtabiri, unajua, jina walilonipa kwa utani nilipoajiriwa pale kituoni, na sasa hata anayeleta barua hanijui kwa jina jingine. Wananiuliza kiangazi hiki vipi, nami nacheka na kuwaambia wasubiri taarifa.

Taarifa ikatoka Jumatano. Redio ikasema kwamba katika ukanda wetu kinatarajiwa kiangazi cha kawaida. Baba alinipigia hata habari za michezo hazijaanza, ana furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Akasema basi yamekwisha, serikali yenyewe imesema, nimwambie dada yangu ampangishe mtu mwingine hicho chumba chake. Nilijaribu kumwambia kwamba taarifa nayo hukosea. Akaniuliza inakosea vipi, na anayeipimia joto ni mwanawe wa kumzaa?

Hujawahi kukiona kituo chetu, na kila ukija unasema utakipitia. Hakina makuu. Ni ofisi ya chumba kimoja yenye meza, kabati la madaftari na kiti kilichokatika mguu, na nje kuna uwanja wa nyasi wenye uzio. Katikati ya uwanja kimesimama kisanduku cheupe cha mbao, kimo cha kifua, chenye kuta za vibao vilivyoachana ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani mna vipimajoto viwili, kimoja kinashika baridi ya usiku na kingine kinashika joto la juu la mchana. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri naenda, nafungua mlango, nasoma, naandika daftarini, natuma makao makuu. Kipimajoto cha joto, ukishakisoma, lazima ukikung'ute kwa mkono ulionyooka ili zebaki irudi chini ianze siku mpya. Kazi nzima ndiyo hiyo. Kituo jirani kiko mbali sana, kwa hiyo redio ikisema ukanda wetu una joto kadhaa, aliyesema ni mimi.

Mama ndiye peke yake katika familia aliyeipenda kazi hii. Unakikumbuka kile kipimajoto cha ukutani nilichomnunulia, chenye picha ya ndege wawili? Alikitundika karibu na kalenda, nje ya mwanga wa dirisha kama nilivyomfundisha. Kila siku saa tisa alikisoma, akaandika kwa penseli kwenye kisanduku cha tarehe, na jioni akanipigia tushindane. Yeye anataja chake, mimi nataja cha serikali. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukipishana nyuzi moja, mbili, kwa sababu nyumba ya bati huzidi joto kidogo, naye alikuwa akidai kwamba cha serikali kinachelewa kuamka. Tulicheka sana, Dada. Wewe ulikuwa ukisema mama na mwana wamekosa la kuzungumza.

Sasa nifike pale pagumu. Kiangazi kilichopita ulikuja kumchukua. Sanduku lake likafungwa, nguo za baridi juu, na wewe ukiwa umesimama mlangoni unaharakisha watu. Akasema ngoja kwanza nimuulize mdogo wako. Akanipigia. Ulikuwepo, ulisikia upande wake tu. Aliniuliza kama kweli joto hili ni la kumhamisha mtu kwake, nami nikamwambia hapana Mama, hiki ni kiangazi cha kawaida, takwimu ninazo mezani. Ukamwona akilifungua sanduku na kuzirudisha nguo kabatini moja moja. Ulikasirika, ukaondoka peke yako.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo Baba alimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, alasiri, ameegemea ukuta. Daktari alisema moyo ulishindwa na joto. Na siku ya mazishi wewe ulilia ukisema ungemburuta, ungemburuta hata kwa nguvu, kwamba umemwacha mama yako afe kwa sababu ya hasira za dakika mbili. Mpaka leo, ukipiga simu, hazipiti dakika tatu hujarudi hapo. Mimi nakuambia usijilaumu, ilikuwa mipango ya Mungu. Nimelisema hilo miezi kumi.

Dada, hukumuua wewe.

Miaka mitatu iliyopita, alasiri moja, nilikuwa nakikung'uta kipimajoto cha joto kwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa inaanza kudondoka. Mkono ukagonga mguu wa kisanduku. Kikapasuka, zebaki ikatawanyika kwenye nyasi. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeshavunja chupa ya kupimia mvua, na mkuu wangu alikuwa ameniandikia kwamba chombo cha pili kikivunjika mikononi mwangu nisirudi kazini. Wifi yako alikuwa na mimba ya tatu. Nikajiambia nitakaa wiki moja, nitafute namna ya kupata kingine kimyakimya. Wiki hiyo nilitoa kabatini daftari la zamani, mwaka mmoja uliokuwa mpole, nikanakili. Hapa nikiongeza nukta mbili, pale nikipunguza tatu, ili isifanane mno. Makao makuu hawakuuliza kitu. Nikanakili wiki ya pili.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua miaka mitatu na sijafika mwisho wake. Kila siku saa tisa natoka na daftari, nafungua kile kisanduku, natazama mahali pasipo na kitu, nafunga. Watu wakipita barabarani wananiona niko kazini. Na huko makao makuu wanachukua tarakimu zangu, wanazichanganya na hesabu zao, na zinanirudia redioni zikiwa zimevaa suti: kiangazi cha kawaida. Mwaka jana niliposikia neno hilo, unaweza kuamini kwamba nilipata nafuu? Nilijiambia, kama wakubwa wamesema ni kawaida, basi huenda ni kawaida. Niliuamini uongo wangu mwenyewe kwa sababu ulirudi na sauti ya mtu mwingine.

Lakini mwili ulijua, na hilo ndilo sitajisamehe. Ile jioni alipopiga simu nikiwa na takwimu mezani, shati lilikuwa limenigandia mgongoni, na nilikuwa nimeweka miguu ndani ya karai la maji. Nilikuwa na miguu ndani ya maji, Dada, nikimwambia mama yangu kwamba joto ni la kawaida.

Siku zile alikuwa akiniambia kwamba chake kinasoma thelathini na tisa. Mimi nikimwambia cha serikali kinasema thelathini na tatu, na kwamba kile chake ni pambo la ukutani, kimetengenezwa kwa ajili ya wale ndege. Alikuwa akisema sawa mwanangu, wewe ndiye uliyesomea.

Jumapili, baada ya simu yako, nilikwenda kwa Baba. Kalenda ya mwaka jana bado iko ukutani, amekataa isiguswe. Alipotoka kwenda kuoga nikasogea nikaitazama. Mama aliandika kila siku, zile tarakimu zake kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Na kila moja, Dada, kila moja, ameikata kwa mstari, na juu yake ameandika yangu. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Thelathini na tatu. Alikuwa akingoja jioni nimtajie, kisha anajisahihisha. Ameendelea hivyo kisanduku hadi kisanduku mpaka ile siku yenyewe. Siku ile alisoma saa tisa akaandika arobaini na moja. Hiyo haikukatwa, kwa sababu hakuifikia jioni akanipigia.

Baba alipotoka bafuni alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamwambia ni mgongo.

Sasa jibu la swali lako. Sijui kiangazi hiki kitakuwaje, wala hakuna anayejua, kwa sababu aliyepewa kazi ya kujua ameijaza miaka mitatu ya upuuzi. Taarifa waliyoisoma Jumatano haina msingi. Msingi wake ni mimi. Sijui ni wazee wangapi katika ukanda huu wamefungua masanduku yao baada ya kuisikia. Nikiliwaza hilo siwezi kuendelea kuandika, kwa hiyo nisamehe nikilipita.

Ninachokuomba ni kimoja. Njoo umchukue Baba, na akikataa msomee barua hii. Usimsimulie, msomee. Nimemwambia mara mbili kwamba redio hukosea, akanicheka. Hakuna kitakachomtoa kwenye ile nyumba isipokuwa ukweli wote, na mimi sina macho ya kumtazama nikiusema. Akishasikia, najua hatakuja tena kwangu. Hata hivyo atakuwa amekuja kwako, na dirisha lile linatazama upande wa upepo.

Barua nyingine, ya mkuu wangu, iko hapa mezani chini ya hii. Ni fupi. Wifi yako bado hajui. Ananiona naandika anadhani naomba uhamisho. Nitamwambia nikirudi posta. Usinitafutie la kunifariji, na usinipigie mpaka Baba awe amefika kwako. Ukitaka kunilaani, una haki hiyo, lakini nakusihi usirudi tena kwenye lile sanduku na zile dakika mbili. Hizo hazikuwa zako, nilikubebesha tu.

Nisalimie sana shemeji, mwambie namshukuru kwa chumba. Wabusu wapwa zangu, na yule mwenye kikohozi asiachwe anywe maji ya baridi. Watoto wangu wanawasalimu wote, na wifi yako anasema lile gauni limemtosha.

Ni mimi mdogo wako, ambaye nakuomba usimwite tena Mtabiri.

Nimesahau: kile kipimajoto chenye ndege nilimwomba Baba Jumapili ile, akanipa bila kuuliza. Nimekifunga kwa kamba ndani ya kisanduku cheupe. Leo, saa tisa alasiri, kimesoma nyuzi thelathini na saba, na kiangazi bado wiki sita. Nimeandika hivyo hivyo.