Kioo Cheusi na Jicho la Mama Mkwe

Jumapili, Usagara. Jua limewaka kutwa, wingu hata la kusingizia halikuwepo.

Niandike bila kuzunguka: leo saa nne asubuhi nilikaribia kumpofusha mama mkwe wangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea kule mjini, Buzuruga. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta darubini ya kuanzia, na mke wangu, Mama Minza, amenivumilia kama mtu anavyomvumilia mgonjwa. Mwisho zilibaki mbili. Ya kwanza ina mdomo mpana kama sufuria ya pilau na inaonyesha nyota nyingi, ila ukiinunua inabidi uitafutie na chumba. Ya pili ni fupi, haifiki urefu wa mkono, na inaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na miguu yake mitatu.

Buzuruga taa zimezidi. Nyota zangu ziko huku Usagara kwa wakwe, na huku nafika kwa basi, kisha bodaboda. Nikachukua ndogo. Darubini kubwa inayolala chini ya kitanda haimwonyeshi mtu kitu, na kwa uamuzi huo sijuti hata kidogo. Miguu yake ilikuwa inatetemeka, nikaning'iniza mfuko wa nati katikati, ikatulia.

Ila muuzaji aliniambia jambo moja nikamcheka moyoni. Alisema ukitaka kutazama jua, nunua kichujio chake maalumu, kinachofunika mdomo wa mbele. Kichujio? Mimi, ninayetazama moto wa umeme kutwa nzima? Maelekezo sikuyasoma mpaka mwisho. Nilichukua kioo cheusi cha kinyago changu cha kuchomelea, nikakibandika kwa selotepu nyuma, kwenye lenzi ya kuchungulia.

Ujuzi wangu ndio ulionidanganya. Sikufikiri kwamba darubini inakusanya jua lote linaloingia mdomoni na kulirundika nyuma, mahali padogo kuliko punje ya mtama.

Na ukweni hapa, kitu kipya hakiguswi kabla ya mkubwa. Kwa hiyo wa kwanza kuchungulia alikuwa mama mkwe. Mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto lilishakata tamaa siku nyingi. Nilimwekea kigoda, nikalenga jua kwa kufuata kivuli cha darubini ardhini, nikamkaribisha. Akaanza kuinama.

Hapo ndipo Mama Kulwa, jirani, alipoingia uani. Akapiga magoti kumwamkia mama mkwe. "Mwangaluka, mayu."

Mama mkwe akainuka, akamgeukia. Salamu za Kisukuma hazikatishwi njiani. Wakaulizana hali, watoto, ng'ombe, mahindi, na mguu wa shangazi yake Mama Kulwa unaomsumbua. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayenipiga: nilikereka. Moyoni nilisema, huyu mama naye hakuiona saa nyingine ya kuja?

Pa!

Kioo kilipasuka katikati. Selotepu ikatoa moshi.

Niliikamata darubini nikaigeuzia ardhini. Wao walidhani mtu karusha jiwe kwenye bati, wakaendelea na mguu wa shangazi. Mama Minza peke yake aliuona uso wangu. Alinipa maji ya kunywa.

Tangu hapo nilizungukazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Moyo mmoja uliniambia ninyamaze, mradi hakuna aliyeumia. Kwetu mtu hamtazami mkwe ovyo usoni, sembuse kwenda kumwambia, "Mama, nilitaka kukuunguza." Lakini jicho lilikuwa lake, si langu.

Saa tisa nilikwenda alipokuwa anachambua maharage. Nikachuchumaa mbali kidogo, macho chini, kile kioo kilichopasuka kikiwa kiganjani, nikasema yote. Alikitazama kioo.

"Jicho hili nililisubiri miaka mitatu, baba," akasema. Akaendelea kuchambua.

Nililia. Sioni haya kuliandika hilo. Ningepigiwa kelele ningejitetea, lakini kwa upole ule sikuwa na pa kujificha.

Kesho naagiza kichujio halali, cha kufunika mbele. Kikifika nitakimulika kwa tochi kwanza nione kama kina tundu, na maelekezo nitayasoma mpaka neno la mwisho, hata kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. Mama Kulwa nitampelekea kilo mbili za sukari. Hajui alichofanya, na nadhani nitamwambia.

Jioni, giza lilipoanza kuingia, nilielekeza darubini kwenye mwezi mchanga. Sikumwita mtu. Nilijua mama mkwe hatalisogelea tena dude lile maishani mwake.

Alikuja mwenyewe, amebeba kigoda chake.

"Tangulia wewe," akaniambia.

Nikatangulia, mara yangu ya kwanza katika nyumba hii kumtangulia mkubwa. Kisha akaketi, akaweka jicho lake la kulia, akaona mashimo na milima ya mwezi. Alitazama, akatazama, na mimi nilisimama pembeni nikimshukuru Mungu kimyakimya, sina haraka na zamu yangu.