Dawa ya Kifua Kutoka Uskoti

Baba,

Sijui nianzie wapi, na wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Nimeonja wiski. Ndiyo, mimi Njeri, binti wa mzee wa kanisa. Na sasa sijui wewe ulikuwa nani.

Yule mzee wa Kimarekani ninayemtunza hapa Wheaton, Marekani, alitaka kuona walikotoka babu zake Uskoti, nikaenda naye nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Usinikasirikie. Ulipofariki makaratasi yangu ya kuishi Marekani yalikuwa bado, sikuweza kuja. Yalitoka mwezi mmoja baada ya wewe kuzikwa. Safari yangu ya kwanza ikawa Uskoti, si nyumbani Limuru. Hilo linanichoma mpaka leo.

Tulitembelea kiwanda cha wiski. Mama mmoja alituonyesha mapipa yaliyowahi kuhifadhi sheri, ile divai tamu ya Kihispania, ambayo ladha yake huingia kwenye mbao kisha ikaingia kwenye wiski. Eti wiski inayopotea hewani kila mwaka ni fungu la malaika. Nikacheka: kumbe hata wazungu huwamwagia wafu kinywaji! Sikuonja, nilikuwa kazini. Mzee akaninunulia chupa.

Jumamosi mchana nikaifungua jikoni. Harufu ya zabibu kavu na sukari iliyoungua kidogo. Nikatia kijiko kimoja mdomoni. Baba! Ilikuwa ile dawa ya kifua! Ile ya chupa iliyofungwa gazeti juu ya kabati, uliyoachiwa na Mskoti uliyempikia kwenye shamba la chai. Nikikohoa ulinichanganyia na asali: "Fungua mdomo, meza, usiulize." Na ni wewe huyohuyo uliyemfukuza baba mdogo siku alipomwaga pombe kwenye kaburi la babu. "Wafu hawanywi," ulimwambia mbele ya watu.

Ulijua ni pombe? Au uliamini kweli ni dawa? Kukasirika nimeshindwa, na kucheka pia nimeshindwa.

Nilitaka nikumwagie kidogo, lakini hapa ghorofa ya nne ni zulia tupu, hakuna udongo. Nikampigia simu ndugu yangu Kamau kule Temple Hills, nikamweleza. "Njeri, uko serious? Baba aliokoka! Huwezi kumdisrespect hivyo." Kisha akauliza polepole, "Ni ile ya kijiko?"

Ndipo nikakumbuka maneno ya Mama kwenye simu wiki ile ya mazishi. Alisema kifua kilipokubana sana uliomba dawa yako, ile ya juu ya kabati, naye akadhani umechanganyikiwa, akakupa vidonge vya hospitali. Wakati ule sikumwelewa. Sasa naelewa, na sijui nimwambie au ninyamaze.

Desemba nakuja nyumbani. Chupa nimeifunga gazeti, na kijiko kiko ndani ya begi. Nitakuja kaburini peke yangu, Mama akiwa kanisani. Pumzika, Baba. Siku hiyo nikifika, fungua mdomo, meza, usiulize.

Binti yako,
Njeri