Baba Mkwe Wangu Anakataa Kufutwa Ubaoni

Mpendwa Mama Apolline,

Naomba msaada wako, na naomba haraka, maana mimi si mtu wa kuandikia magazeti, nimesoma hadi kalasi ya nne ya sekondari kwa mapadri na nimezoea kuandika mambo yangu katika kitabu changu cha kila siku, tarehe juu na maneno chini, kisha nakifunga na moyo unatulia, lakini jambo hili nimeliandika mara tatu na moyo haujatulia.

Mama, mimi ni sekretari wa Komite ya Utalii ya Kaskazini ya Ziwa, hapa Uvira. Wazungu walioendesha ofisi hiyo waliondoka mwaka wa Uhuru, wakatuachia meza, picha ya kiboko na mwavuli wa ufukweni usiofunguka, na mwaka jana jimbo likatuandikia kwamba ofisi isife, tuchague wajumbe wanne, na kila mjumbe aeleze uongozi aliowahi kuushika zamani, ili mtalii awe na imani. Sasa Mama, zamani ipi? Zamani aliyeongoza alikuwa Mzungu, na aliyemsaidia kuongoza alikuwa Mzungu mwingine, sisi tulikuwa watu wa kuongozwa tangu kengele ya asubuhi. Lakini jimbo halikutaka jibu la namna hiyo, kwa hiyo nilikaa na kila mjumbe nikamwuliza na kumwuliza tena mpaka uongozi ukapatikana.

Prezida wetu, Bwana Cyprien, aliongoza kwaya ya Kasenga Pasaka moja tu, kwa sababu mwalimu wa kwaya alivimba koo, nikaandika: ALISHIKA UONGOZI WAKATI WA SHIDA, NA WOTE WALIMFUATA KWA SAUTI MOJA. Mama Léocadie, anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni, ndiye huanza kilio kwenye kila msiba na wanawake wengine hupokea, nikaandika: KIONGOZI WA UMMA KATIKA SAA NGUMU. Sebagenzi, mfugaji wa kule juu milimani, hushusha ng'ombe wake mpaka uwanda wa Ruzizi kila kiangazi, nikaandika: AMEONGOZA WENGI, NA HAKUNA ALIYEMWASI. Wa nne ni Mzee Ildephonse, na hapo ndipo balaa langu lilipo, kwa kuwa ndiye baba wa Honorine, mchumba wangu, ninayemwoa baada ya mavuno.

Mzee Ildephonse katika ujana wake alikuwa mtu wa kipoyi, kile kiti ambacho Bwana Administrateri alibebwa nacho mabegani akienda kukagua vijiji vya milimani. Yeye hakubeba. Alitangulia na fimbo, akichagua njia na kuanzisha wimbo, na akisema kulia wabebaji walikwenda kulia, na Mbelgiji naye, akiwa huko juu, alikwenda kulia. Nilimwuliza kwa heshima kama huo ni uongozi, naye akanijibu kwamba Serikali yote ilikuwa nyuma yake. Nikafikiri sana nikaona hasemi uongo, nikaandika: ALIONGOZA SERIKALI.

Tungeishia hapo, tungepona. Lakini Bwana Cyprien alisema mtalii hawezi kuoga ziwani kabla ya kujua ni nani wanaongoza, basi fundi Félicien wa mtaa wetu wa Rugenge akatutengenezea ubao mkubwa kama mlango wa kanisa, nami nikayaandika yote kwa rangi nyeusi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na juu kabisa HAWA NDIO VIONGOZI WETU, tukausimamisha pale barabara ya uwandani inapoingia mjini, mbele ya kila kitu kingine. Mtalii tuliyempata mpaka leo ni mfanyabiashara Mgiriki aliyepasukiwa gurudumu. Aliusoma wote, juu mpaka chini, akauliza choo kiko wapi.

Sasa sikia. Katika kitabu changu, tarehe 9 mwezi huu wa Aprili, nimeandika hivi: "Watu wa kijiji cha Runingu wamepita na magodoro kichwani. Wanasema waasi wanaowaua watu wa Serikali wako uwandani, na wakiingia kijiji swali lao la kwanza ni hili: viongozi wenu ni nani?" Mama, ubao wetu unawajibu kabla hawajauliza.

Asubuhi iliyofuata wajumbe walikuwa mlangoni kwangu kabla sijanawa uso. Bwana Cyprien, yule aliyetaka jina lake liwe na herufi nene kuliko za wengine, alisema yeye hakuongoza kwaya, alikuwa anapunga mkono kufukuza nzi. Mama Léocadie alisema niandike kwamba analia kama watu wote na hana mfuasi. Sebagenzi alituma ujumbe toka milimani kwamba, ukweli ukisemwa, ng'ombe ndio walikuwa wanamwongoza. Wote watatu wamekubali kufutwa, na wanataka kufutwa jana.

Kinachotufunga ni kanuni yetu. Mwaka jana Bwana Cyprien na Mama Léocadie waligombania kiti cha karibu na dirisha, na Mama kwa hasira akaenda kumfuta mwenzake ubaoni, ndipo tukapitisha kwamba hakuna jina litakaloguswa, wala ubao kung'olewa, bila kila mwenye jina kukubali mbele ya sekretari. Na Mzee Ildephonse hakubali.

Wewe unajua desturi, mkwe hasemi na baba mkwe uso kwa uso katika jambo zito, husimama upande na maneno hupitia kwa mtu wa kati. Nikamchukua shangazi yangu Agathe, tukamkuta Mzee ameketi kwenye kiti chake chini ya ubao, shangazi akasimama katikati yetu, na kati yangu na Mzee hapakuwa hata na nafasi ya kupitisha mbuzi.

Nikasema, "Shangazi, umwambie baba kwamba waasi wakisoma aliongoza Serikali, hawatauliza aliiongoza kwenda wapi."

Shangazi akageuka. "Ildephonse, umesikia?"

"Sijasikia. Umwambie aseme kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Watu waliokuwa wanapita na mizigo wakasimama kusikiliza. Mzee akaniangalia viatu, maana uso hakuweza kuniangalia, akamwambia shangazi, "Agathe, umwambie huyu mukwe wangu. Minye nilikuwa na mvi kichwani na mutoto wa Muzungu ananiita boy. Boy, kuya hapa. Boy, ondoka. Leo jina yangu iko pale juu, muntu yeyote anaiona. Ni yeye mwenyewe aliiandika na mukono yake. Na mukono ile ile inaniletea kitambaa ya kunifuta?"

"Shangazi, umwambie watamwua."

"Waniue wakijua ni nani wanamuua," akasema Mzee. "Kule zamani ningekufa boy."

Hilo shangazi hakunipitishia. Alinishika mkono tukaondoka.

Tangu siku hiyo anahamia na kiti chake chini ya ubao kila asubuhi, anawasalimia wanaokimbia, na wale wasiojua kusoma anawasomea, ingawa yeye mwenyewe hajui kusoma, ameshika maneno yote kwa kichwa, na jana nimesikia ameongeza kwamba Serikali ilikuwa nzito. Honorine ameniambia kwa ufupi, "Ukimfuta baba, usije kwetu tena. Usipomfuta, utakuja kwetu kwenye matanga."

Nifanye nini, Mama? Nikapake rangi juu ya jina lake saa anapokwenda kula, nivunje kanuni, nivunje desturi na nivunje uchumba wangu kwa siku moja? Au nimheshimu baba mkwe wangu na kumwacha aketi pale mpaka wafike wale wanaomtafuta kiongozi, nao wampate ameketi tayari, na jina lake juu ya kichwa chake?

Naomba usichape majina yetu.

Mimi Sekretari, Rugenge

*

Ndugu Sekretari,

Barua yako ilinifikia hapa Bujumbura mkononi mwa dereva wa lori, inanuka ndagala. Unaomba nisichape majina, na umenitajia komite nzima pamoja na shangazi. Nimewabatiza upya wote kwa majina ya jamaa zangu, na mjomba wangu mmoja amekwisha kuja ofisini kuuliza kwa nini yeye si prezida.

Pole, mwanangu. Nasema pole kwanza kwa sababu nitakugombeza sasa hivi.

Unaandika vizuri. Ndiyo taabu yako. Mtu alipunga mikono Pasaka moja ukamfanya jemadari, na waliposhtuka ukatafuta kitambaa, kana kwamba mtu ni vumbi la mezani. Na komite yako isiyo na mtalii imekaa kulinda kanuni. Hiyo kanuni mliitunga kwa ajili ya ugomvi wa dirisha. Haikutungwa kwa ajili ya bunduki, na hakuna mtu atakayekuuliza kaburini kama uliifuata.

Hata hivyo usimpake mzee rangi. Sizungumzii adabu sasa, nazungumzia akili. Ubao wenye majina manne yaliyofutwa na rangi bado mbichi humfanya hata mtu asiyejua kusoma aulize ni akina nani walikuwa pale. Ubao ung'oke mzima, na mashimo ya nguzo yafukiwe. Lakini ung'oke kwa amri ya mzee, nami nitakuambia namna ya kuipata.

Umemwambia baba mkwe wako mambo mawili: kwamba uongozi wake ni hatari, na kwamba atauawa. La kwanza amelisikia kama tusi, na la pili kama sifa. Mtu aliyeitwa boy mpaka akaota mvi, ukimpa kuchagua kati ya kufa na jina na kuishi bila jina, usishangae akivuta kiti. Wewe na komite yako mmemtolea uchaguzi huo tu. Mpe mwingine.

Nijibu, Sekretari: njia ya kukimbilia milimani kwa Sebagenzi unaijua? Honorine anaijua? Mama yake? Shangazi Agathe, na magoti yake? Nyinyi ni watu wa ufukweni, mnajua mahali ndagala wanapolala, lakini mlimani mngepotea kabla ya jua kuwa kali. Mzee Ildephonse ameipita njia hiyo akiwa mbele, na ukoo wako mzima haujamwomba autangulie.

Basi mwombe. Nenda kesho asubuhi, na shangazi abaki nyumbani afunge mizigo. Desturi ilimweka katikati ili mkwe na baba mkwe wasitukanane. Haikumweka ili mmoja amzike mwenzake bila kusema naye. Chuchumaa mbele yake, macho chini, useme kwa mdomo wako: "Baba, tunataka kupanda milimani na hatuna mtu wa kutuonyesha njia." Ubao usiutaje kabisa. Kisha nyamaza, ingawa najua kunyamaza ni kazi kwa mtu anayeandika sentensi kama zako. Atauliza watu ni wangapi, wanawake wangapi, nani mgonjwa, mmebeba maji gani. Mtu akianza kuuliza hayo amekwisha kusimama kitini. Yeye mwenyewe ndiye atakayesema ubao wake usibaki barabarani uchafuliwe na watu, na hapo, kama bado unaipenda kanuni yako, mwenye jina atakuwa amekubali mbele ya sekretari. Fundi aung'oe saa hiyo hiyo. Asingoje chai.

Na akikataa? Usibishane naye. Honorine na mama yake wajitwike mizigo, wapite mbele ya kiti chake, waanze kupanda kwa njia mbaya. Waifuate kwa bidii, bila kugeuka. Sijawahi kuona mtu wa kutangulia akivumilia kuwatazama watu wake wakipotea. Atawafokea kwanza, kisha atawakimbilia, na wewe utabeba kiti.

Bwana Cyprien mwambie ajifute mwenyewe kwa kwenda pamoja nanyi, na barabarani asiimbe. Mama Léocadie abebe ndagala nyingi, huko juu kuna maziwa lakini samaki hakuna. Harusi mfungie huko huko, mchungaji yupo, ng'ombe wapo, na baba wa binti atakuwa hai kuwapokea, jambo ambalo huko chini siwezi kukuahidi.

Gazeti hili hutoka Ijumaa na hufika kwenu wakati lori linapopenda. Kwa hiyo sijui unanisoma siku gani, wala wale watu wamefika wapi. Kama unasoma haya umeketi, simama.

Mama Apolline