Mume Wangu Anausugua Mtutu Mpaka Risasi Zinapotea

Bi Gudrun mpendwa,

Naomba unisaidie, maana mimi na mume wangu Torgeir hatusemeshani na mashindano ya mkoa yako mlangoni. Sisi tulijuana uwanja wa shabaha, tumelala kifudifudi kwenye mikeka ya jirani, na tangu aache kupiga kiangazi kilichopita, eti amechoka, kazi yake imekuwa kusafisha bunduki yangu ndogo, tukirudi tu hata kahawa hajanywa anaingiza mtutuni ufito wa kusafishia na brashi ya shaba na dawa inayonuka jikoni kote, nami namwambia, "Torgeir, acha bwana, ukishasugua hivyo risasi za kwanza zinakwenda zinakotaka," naye ananijibu, "Bibie, nani alishawahi kushindwa kwa usafi?" Basi Jumamosi, siku ya mchujo wa klabu, risasi zangu zikatawanyika ovyo, nikamgeukia, akakiri kuwa aliusugua mtutu asubuhi nilipokuwa naoga, nikamfokea mbele ya watu wote, "Kama wewe umeshindwa kupiga, usiniharibie mimi!" Akaweka kikombe chake mezani, akaenda kukaa garini. Mchujo nimepita kwa kubahatisha, lakini yeye sasa bunduki haigusi, na mimi ananipita kama kabati. Niambie mtutu usafishwe kila baada ya muda gani, nimwonyeshe jibu lako gazetini, yaishe.

Borghild, Hallingdal

Borghild,

Kwa mtutu, una haki. Risasi hizi ndogo zina nta, na nta hiyo huacha utando mwembamba ndani ya mtutu. Utando ukishatulia, kila risasi inapita njia ileile. Ukiukwangua wote, zinatangatanga mpaka utando urudi. Kwa hiyo usisafishe kwa kufuata kalenda. Mashimo kwenye karatasi yakianza kuachana na kosa si lako, hapo safisha, kisha upige risasi kadhaa za kuuzoesha mtutu siku ya mazoezi, si asubuhi ya mashindano. Kwa kawaida futa chemba tu, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ndiko masizi yanakoganda, na theluji ikiingia mtutuni pitisha kitambaa kikavu, halafu chenye mafuta kidogo.

Kwa ulimi wako, huna haki hata chembe. Nilipiga simu kwenu kuuliza aina ya bunduki, akapokea Torgeir. Nikamuuliza kwa nini anasugua hivyo.

"Mkono wa kulia unatetemeka," akasema. "Ndiyo maana niliacha. Nikishika ufito, mtetemo hauonekani sana. Nilifikiri kwa njia hiyo bado tunakwenda wote uwanjani."

"Borghild anajua?"

"Hajui. Mwambie wewe, mama. Mimi sijui nianzie wapi."

Sasa umejua. Gazeti usimwonyeshe; atajiona ameshitakiwa na kuhukumiwa. Mwombe radhi palepale klabuni, mbele ya walewale waliosikia ukifoka. Wiki hii mpeleke kwa daktari, na uingie naye ndani, usibaki kwenye benchi. Kisha mpe darubini akae nyuma ya mkeka wako: yeye ndiye asome mashimo, yeye ndiye aamue siku ya kusafisha. Jicho lake halitetemeki.

Nilimuuliza kama atakuja kwenye mashindano. Akasema, "Akiniita."

Basi mwite.